Hodi kwenye Kona

Honi ya gari la Mama Hodi ilikufa zamani, na yeye hakuitafutia dawa. Mafundi walimsumbua weee mpaka wakachoka. "Mama, ni waya tu umekatika, nikuungie mara moja," na yeye huwajibu kwamba washughulike na breki, honi waiache ipumzike. Akifika kwenye kona ya njia ya mlimani, pale michongoma ilipobana pande zote na huoni kilicho mbele, anasimamisha gari, anazima injini, anatoa kichwa dirishani na kupaza sauti: "Hodi!" Halafu anasubiri. Kama upande wa pili kuna mtu, awe na kuni kichwani au baiskeli mkononi au mbuzi wasiosikia la mtu, ataitikia "karibu," na Mama Hodi atakaa pale pale mpaka mwenzake apite. Kama hakuna mtu, anawasha gari na kusogea kwa mwendo wa mtu anayetafuta sindano.

Ndipo jina lilipotoka. Lile alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye leseni.

Wasiomjua humcheka, na acha wacheke. Tabia hii aliipata kazini, na kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Aliendesha lori la taka la manispaa tangu akiwa msichana mpaka nywele zikaanza kumgeuka. Siku ya kwanza wanaume wa gereji walijipanga ukutani kumtazama akiligonga lori getini. Hakuligonga. Walijipanga tena siku ya pili, na siku ya tatu msimamizi akawauliza kama wameajiriwa kutazama. Wenzake wengi waliacha kazi ile mmoja baada ya mwingine, yeye akabaki na usukani wake.

Kule mjini lori lilikuwa linaingia vichochoroni kwa kurudi nyuma, kioo cha pembeni kikipangusa nguo zilizoanikwa kambani. Humo humo mtu anaogesha mtoto, mwingine amebandika sufuria mlangoni, mzee wa watu amenyoosha miguu kivulini. Ukipiga honi, nani atashtuka? Mji mzima umeshinda ukipiga honi. Lakini hodi kila mtu anaigeukia. Mtoto ananyanyuliwa, sufuria inasogezwa, mzee anakunja miguu huku akinung'unika, na lori linapita bila kuvunja hata kijiko. Mama Hodi alipostaafu alirudi na desturi yake kijijini, pamoja na gari kuukuu linalovuta kwa matairi yote manne, bodi limebabuka, viti vimeshonwa kwa uzi wa magunia.

Gari lile alilinunua kwa sababu moja tu, nayo ni dada yake.

Dada mkubwa anakaa mwisho wa njia ile, juu mlimani, katika nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe, tofali kwa tofali. Nyonga yake ilivunjika akiwa anashuka ngazi za jikoni, ikaungwa, lakini haikurudi kuwa nyonga ya kutembelea mlima. Mwanawe, mwenye duka la vifaa vya umeme mjini, alimchukua akakae naye. Chumba kilikuwa safi, dirisha likitazama ukuta wa jirani. Mama yule aliyekuwa akigombana na kuku, na redio, na mvua ikichelewa, alinyamaza. Akiulizwa atakula nini alijibu chochote. Mama Hodi alipokwenda kumwona na kusikia hilo neno "chochote," alirudi nyumbani akilia ndani ya gari, kisha kesho yake akaenda kumfungashia mizigo na kumrudisha kwake.

Mpwa wake hakufurahi. Si mtoto mbaya yule, anampenda mama yake, na mapenzi yake ni ya kutaka kila kitu kiwe karibu. Waliafikiana jikoni kwa dada, chai ikipoa mezani.

"Mama mdogo, mimi sigombani nawe," alisema. "Mama akae huku maadamu gari linamfikia. Siku gari lisipoweza kumfikia, anahamia kwangu, na siku hiyo tusianze kuvutana."

"Sawa, mwanangu."

"Umesema sawa."

"Nimesema sawa. Unataka niimbe?"

Kwa hiyo njia ile, kwa dada, ndiyo ilikuwa nyumba yenyewe. Ikifungwa, ukuta wa jirani unamsubiri.

Sasa njia yenyewe ni ya zamani kuliko mashamba yanayoizunguka. Ilikuwa ya mikokoteni ya ng'ombe, nyembamba, udongo mwekundu, mawe hapa na pale. Watu huipita kwenda kisimani, kwenda kanisani, kwenda msikitini, kwenda kuombana chumvi. Gari linaruhusiwa, ila linaruhusiwa kama mgeni anavyoruhusiwa kukaa sebuleni, bila kuweka miguu mezani. Mama Hodi hupita kwa gia nzito tangu mwanzo mpaka mwisho. Penye dimbwi hashuki pembeni kulikwepa, kwa sababu ukilikwepa wewe leo na mwenzako kesho, njia inanenepa mpaka inakula shamba la mtu. Penye tope hushuka kwanza na fimbo yake, akachoma, akaona. Fimbo ikizama, anageuza gari na kurudi alikotoka, amekasirika lakini amerudi.

Matatizo yalikuja na vijana wa Jumamosi. Sijui nani aliwaambia kwamba mlima wetu ni uwanja. Walikuja na magari yameinuliwa juu kama yanaogopa kulowa, taa zimejaa juu ya paa mchana kweupe, muziki unatangulia gari kufika. Walitafuta tope kwa makusudi! Walipolipata walizungusha matairi papo hapo mpaka likaruka juu ya michongoma, wakipigana picha. Wanawake waliokuwa wametoka kisimani walijibanza kwenye miiba kuwapisha. Mmoja, wa gari jekundu, aliona dimbwi kubwa na kuamua kulizunguka, akakata kupitia kwenye maharage ya watu, akarudi njiani kwa kishindo, na hapo hapo akakwama mpaka kwenye milango.

Mama Hodi aliwakuta akitoka kwa dada. Alizima injini kwenye sehemu kavu, akashuka, akalizunguka lile gari jekundu polepole kama anayetaka kulinunua.

"Mama, tusaidie kamba," kijana akasema. "Lako linavuta vizuri, tumeliona."

"Linavuta. Beleshi unalo?"

"Ninalo, lakini tukivutwa tu tunatoka."

"Wewe utatoka. Haya mashimo nayo yatatoka na nani?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akamwambia asijisumbue na bibi, wapige simu. Wakapiga, simu haikushika, maana mlima wetu hauna habari na simu za watu. Mama Hodi akaketi juu ya jiwe, akafungua karanga zake, akala. Alisema hana haraka, jioni bado mbali, na kamba iko nyuma ya kiti. Atakayefukia mashimo atavutwa. Asiyefukia alale na gari lake, usiku kuna baridi lakini nyota ni nzuri.

Walifukia. Walifukia kwa hasira, kisha kwa jasho, na yule wa gari jekundu mwishoni alianza hata kuchagua mawe ya kutia chini. Mama Hodi alimwonyesha pa kupitisha maji, ndipo akamfungia kamba na kumvuta.

Asichojua ni kwamba nyuma ya uzio alikuwepo Bwana Geti, na simu yake ilikuwa inapiga picha.

Bwana Geti ndiye aliyenunua mashamba ya pande zote mbili za njia. Jina alilipata kwa sababu, kabla hajapanda hata mche mmoja, alijenga geti. Yale maharage yalikuwa yake, na hapo, tuseme haki, alikuwa na hoja. Maharage yalikuwa yametoa maua, na tairi halichagui. Lakini hasira yake ilivuka mpaka. Katika picha yake gari la Mama Hodi limesimama katikati ya tope, kamba imefungwa, vijana wamechafuka wanacheka, na ukiitazama bila kujua kisa utasema yule mama ndiye kiongozi wao. Aliionyesha picha ile kwa kila mtu mwenye macho. Kisha akafunga mnyororo mdomoni mwa njia, kutoka nguzo hadi nguzo.

Siku za kwanza mnyororo ulikuwa na ndoano tu. Mama Hodi alishuka, akaunasua, akapita, akashuka tena, akaurudishia vile vile alivyoukuta. Alifanya hivyo kwenda na kurudi, kila alipokwenda kwa dada, na kila mara alisema kwa sauti ya kusikika shambani, "Nimefungua, nimefunga!" Bwana Geti akaweka kufuli. Mama Hodi akaacha gari kwenye mnyororo na kupanda mlima kwa miguu, na kapu la unga na dawa za dada begani, mpaka mlangoni kwake.

"Umekuja na nini?" dada aliuliza kutoka kitandani. "Sikusikia gari."

"Na miguu yangu."

"Kwa nini?"

Alipoambiwa, dada akasema, "Sasa mwanangu atakuja kunichukua." Hakulalamika. Mama Hodi angependa alalamike. Aliteremka mlima akitukana njia nzima, na kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa mwenyekiti wa kijiji, kabla mwenyekiti hajavaa viatu.

Mwenyekiti aliitisha kikao pale pale penye mnyororo, ili mtu asiseme hajaona kinachozungumzwa. Watu walijaa. Mpwa naye alikuja kutoka mjini, akasimama kando na funguo zake mkononi.

Bwana Geti alianza kwa picha, ikazunguka mkono kwa mkono. Akaonyesha maharage. Watu wakaguna, kwa sababu chakula kilichoharibiwa kinauma hata kikiwa cha usiyempenda. Kisha akageuka, na hapo ndipo alipotoa jiwe alilokuwa amelificha.

"Nani hapa hajui kwamba huyu mama hupiga hodi njiani? Miaka yote. Sasa niambieni, mtu hupiga hodi wapi? Kwa watu! Kwake mtu haingii kwa hodi. Kwa kinywa chake mwenyewe amekuwa akikiri kila siku kwamba pale si pake. Kama si pake, na kuna mwenyewe, basi mwenyewe amesema hapana."

Ikapigwa miguno. Baadhi walicheka, na kicheko kile kilimwingia Mama Hodi kama maji ya baridi mgongoni. Neno lake, alilolipenda, aliloitiwa hata jina, limegeuzwa kuwa kufuli. Alimwona mpwa wake akitazama chini. Alimkumbuka dada akisema "chochote." Hasira ikampanda mpaka masikioni, na bahati nzuri hasira yake huwa haimfungi mdomo.

"Bwana Geti, nyumbani kwako kuna bafu?"

"Hayo yanahusu nini?"

"Jibu tu. Lipo?"

"Lipo."

"La nani?"

"Langu. Nyumba yangu, bafu langu. Mwenyekiti, huyu mama anatupotezea wakati."

"Asubuhi ukitaka kuingia, unasukuma tu mlango?"

Mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akaziba mdomo kwa mtandio.

"Asukume aone!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na kikao kizima kikaangua kicheko.

"Unapiga hodi," Mama Hodi akasema, na hakuwa anacheka. "Bafu lako, umelijenga kwa pesa zako, na unapiga hodi, kwa sababu ndani anaweza kuwamo mtu. Mkeo anapiga hodi. Watoto wako wanapiga hodi. Hata mama mkwe akija anapiga hodi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwa kuwa amepiga hodi basi asioge! Hodi yangu kwenye kona sikupigii wewe. Nampigia aliye mbele yangu, mwenye kuni, mwenye mtoto mgongoni, ambaye njia ni yake kama ilivyo yangu. Maharage yako nitakusaidia kuyapanda upya, kwa kuwa ni kweli yameharibiwa. Vijana hao nitakushika mkono kuwafukuza. Lakini ukiufunga mlango wa bafu na kuondoka na ufunguo, watu wote hawa waende wapi?"

Ilibidi mwenyekiti angoje muda mrefu watu watulie. Alipopata nafasi alisema mnyororo uondoke. Njia ni ya wote, wa miguu, wa mifugo na wa magari, ila gari lifuate njia na lisikate mashamba ya watu. Na udongo ukilowa, gari lolote lisipite mpaka ukauke. Gari la yeyote litakalotifua njia kwenye tope, yeye mwenyewe mwenyekiti ataurudisha mnyororo, na safari hiyo asiitwe kwenye kikao.

"Hata la huyu?" Bwana Geti akauliza.

"Hata la kwangu," mwenyekiti akajibu.

Watu wakashangilia. Mpwa hakushangilia. Alimsogelea mama yake mdogo na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Na masika je? Mvua ikinyesha mama atafikiwa na nini?" Mama Hodi alimwambia asimharibie siku.

Mvua ilimtafuta mwenyewe. Alikuwa amemteremsha dada kwenda kupimwa nyonga hospitali, asubuhi ikiwa kavu kabisa, na walipotoka kwa daktari anga lilikuwa limefunguka, mvua inamwagika. Walipofika mdomoni mwa njia, mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu, na udongo mwekundu ulikuwa unang'aa. Mpwa alikuwa amewafuata na gari lake dogo tangu hospitali. Akalisimamisha kwenye lami. Na chini ya mwavuli, kando ya nguzo zake mbili, alisimama Bwana Geti na simu mkononi.

Mama Hodi alishuka. Alichoma fimbo, ikazama. Akachoma mbele kidogo, ikazama zaidi.

Gari lingepita, na hilo ndilo lililomuuma. Matairi manne, gia nzito, mkono uliozoea, angefika juu bila kutoa jasho. Angeacha nyuma mifereji miwili mirefu, mama mwenye ndoo angekanyaga humo kesho na kuteguka mguu, na Bwana Geti angepata picha ya pili, safari hii ya kweli.

"Mama mdogo," mpwa akasema, na alisema kwa upole, "tuliafikiana. Gari halifiki. Nimeshatandika kitanda."

Dada alikuwa anawasikiliza kupitia dirishani. "Mimi naenda kwangu," akasema.

"Mama, gari halipiti!"

"Nani amekuuliza habari za gari?"

Mama Hodi aliwatazama wote wawili, akamtazama na yule wa mwavuli. Kisha akavuka lami hadi kwa muuza mboga wa njia panda, aliyekuwa amefunika nyanya zake kwa turubai. Walisemezana maneno machache, makapu yakashushwa, na Mama Hodi akarudi akivuta mkokoteni. Aling'oa kiti cha nyuma cha gari lake, akakiweka juu ya mkokoteni, akakifunga kwa ile kamba ya kuvutia vijana. Alipomaliza alimgeukia mpwa wake.

"Shika mguu wa kulia, mimi nashika wa kushoto. Taratibu na nyonga."

"Mama mdogo, na viatu hivi?"

"Vivue."

Dada alipandishwa akalalamika kwamba kiti kinachoma, kwamba mkokoteni unanuka vitunguu, kwamba mwavuli aliopewa na mwanawe haumfikii magoti. Mama Hodi alisikiliza kila lalamiko kwa furaha. Wakaanza kuvuta, yeye mkono mmoja, mpwa mkono mwingine, suruali yake nzuri imekunjwa magotini.

Bwana Geti alisogea. "Huo mkokoteni nao una matairi," akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu, na simu ilikuwa imebaki usawa wa kifua.

"Piga picha, mwanangu," dada akamwambia kutoka juu ya kiti chake. "Piga na uso wangu utokee vizuri. Kisha uwaonyeshe watu wote, uwaambie huyu ndiye nisiyetaka apite."

Bwana Geti akatia simu mfukoni. Kisha akapisha.

Mlima uliwatoa roho. Waliteleza, wakapumzika, wakagombana pa kuweka miguu. Penye mwinuko mkali wanawake wawili waliokuwa wakiteremka na ndoo waliziweka chini wakasukuma kutoka nyuma bila kuombwa. Nyuma yao udongo ulibaki na alama nyembamba ya mkokoteni na nyayo nyingi, na manyunyu yakawa yanazifuta.

Walipomfikisha dada mlangoni na kumketisha kwenye kiti chake, mpwa alijitupa kizingitini, matope mpaka mapajani, akihema. Alimtazama mama yake, ambaye alikuwa ameshaanza kuuliza nani ameacha dirisha la jikoni wazi.

"Mama," akasema, "utakaa huku mpaka lini?"

"Mpaka nife," dada akajibu. "Na siku hiyo ikiwa ya mvua, msije mkaleta gari. Mtanibeba."

Mpwa alifuta uso kwa kiganja, akaupaka tope zaidi. Kisha akainuka kwenda kufunga dirisha.